Chuma Kilichotoka Safarini

Naanza kwa Jina lake,
Muumba viumbe vyake,
Mwingi wa rehema zake
Zisizokoma daima.

Na baada ya kumhimidi aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua, na kumwomba auzuie ulimi usivuke mpaka wa kweli, twaingia katika habari ya nyumba moja ya Isevya, mjini Tabora, na ya mashine iliyokataa kuamka.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza, kwa haki ya umri, ni Mzee Elieza, mfuga nyuki wa Ipole, Mkristo wa Kimoraviani, mtu mrefu wa kimo na mfupi wa maneno. Magoti yalipomkatalia kupanda miti aliwaachia wengine mizinga yake, akahamia mjini na kuishi kwa kuuza asali ya wenzake. Lakini harufu ya nta haikubali kuachwa kijijini. Wa pili ni mkewe Bertila, mkaanga vitumbua, ambaye majirani walimpenda kwa mkono wake na kumwogopa kwa ulimi wake. Wa tatu ni binti yao Kabula, aliyekuwa ametoka chuo cha ufundi na cheti, na katika mji wote hakupata mtu wa kumwambia aje kesho kuanza kazi.

Kwa hiyo Kabula aliazimia kujiajiri. Chumba cha mbele, kilichotazama ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, kilikuwa ghala la baba yake. Elieza alihamishia madumu yake uani, chini ya bati, akamwachia binti chumba na meza. Mchoraji akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: KABULA KUCHAPA, KUTOA NAKALA, LEBO. Maneno yale yalisomwa na kila mpita njia kabla ya kuwapo mashine ndani.

Na kazi ya kwanza ilikwisha kuahidiwa. Mzee Ngollo, mwenyekiti wa chama cha wafuga nyuki wa Ipole na sahibu wa Elieza tangu ujana, alitaka lebo za chupa za asali zitakazopelekwa kwenye maonyesho ya wakulima. Angekuja Jumamosi kuiona mashine kwa macho yake. "Mimi siposi binti kwa picha," alisema kwenye simu. Mashine ikimridhisha, kazi zote za chama zingeletwa pale, mwaka huu na ujao. Isipomridhisha, angezipeleka kwenye duka kubwa la mjini. Na Kabula alikwisha kumpa mama yake neno lake, kwamba kazi ile ikimponyoka atafunga chumba na kwenda Igunga kwa mjomba wake, kusimama nyuma ya kaunta na kupima mchele.

*

Vipande vya kompyuta, na printa ya kuchapia, viliagizwa Dar es Salaam vikaja kwa basi, kila kimoja katika boksi lake, kwa sababu mashine iliyokwisha kuungwa ilikuwa ghali na Kabula alijua kuunga. Jioni ya Jumatano, siku vilipofika, alivipanga juu ya meza, akamwita baba yake kumwonyesha, kama bibi harusi anavyoonyeshwa vyombo.

"Huu ndio ubongo wake, Baba. Huu usiuguse, hata kwa jicho."

"Siugusi."

"Hii ni madabodi, ubao ambao vyote vinakaa juu yake. Na hii inaitwa ramu, ni kumbukumbu yake. Unaona haya meno?"

"Ni dhahabu?"

"Yamepakwa dhahabu. Ndiyo yanayoumana na ubao."

Elieza alitikisa kichwa kwa heshima. Kabula akajifunga kitenge, akaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, akamwacha baba yake peke yake na vyuma vile vinavyong'aa.

Hapa yapasa kueleza desturi moja. Babu yake Elieza alikuwa mpagazi. Alibeba majembe ya chuma na marobota ya nta katika njia ile ile inayopita mbele ya nyumba, na wapagazi wa ukoo wake walikuwa na sharti: chuma kilichotoka safarini hakitiwi kazini kabla ya kupakwa nta, maana kimelala kwenye umande wa nchi za watu, na kutu huanza kabla jicho halijaiona. Sharti lile lilirithiwa. Elieza alipaka nta mapanga, mashoka na visu vya kurinia asali. Hata cherehani ya Bertila ilipakwa nta siku iliyoshuka kwenye treni, nayo yashona hadi leo bila doa. Tofauti ilikuwa moja tu, na Elieza hakuijua: katika vyombo vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichopitisha umeme.

Basi alinawa mikono, akachukua bonge la nta, akalilainisha baina ya vidole. Akafungua boksi baada ya boksi. Akayapaka meno ya dhahabu ya ramu, pande zote mbili, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Akazipaka na zile sindano ndogo zilizosimama ukingoni mwa ubao. Ubongo hakuugusa, kwa kuwa aliahidi. Akarudisha kila kitu mahali pake, akaomba Mungu avibariki mikononi mwa binti yake, akaenda kulala akiwa na furaha.

*

Asubuhi ya Alhamisi Kabula aliiunga mashine tangu kifungua kinywa hadi saa ya chakula. Kulikuwa na harufu ya asali, lakini chumba kile kilikuwa na harufu hiyo tangu kujengwa. Alipokaza skrubu ya mwisho aliwaita wazazi. Bertila akaja na unga mikononi. Elieza akavua kofia.

Kabula alibonyeza swichi. Hakuna feni iliyozunguka wala taa iliyowaka. Akabonyeza tena, akashikilia.

"Labda umeme umekatika," akasema Bertila.

"Redio yako inaimba, mama."

"Kweli, inaimba."

Kabula alichomeka chaja ya simu kwenye ile soketi, simu ikachaji. Akaazima waya mwingine kwa jirani. Mashine ikabaki vilevile. Akaichomoa pawa saplai, lile sanduku dogo linaloigawia mashine umeme, akaunganisha nyaya zake mbili kama alivyofundishwa chuoni, na feni yake ikavuma vizuri. Kwa hiyo umeme ulikuwapo, na sanduku lilikuwa zima. Akairudisha. Akadhani swichi ya mbele ni mbovu, akachomoa waya wake kwenye zile sindano, akagusanisha sindano mbili kwa ncha ya bisibisi, ambayo ndiyo njia ya mafundi ya kuiamsha mashine bila swichi. Kimya. Nta ilikuwa imeganda kwa baridi ya kipupwe, nyembamba na ngumu kama kucha, na bisibisi ilikuwa ikigusa nta.

Hadi alasiri alikuwa ameunga na kufungua mara asizozikumbuka. Mama mmoja aliyesoma maandishi ya mlangoni aliingia na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

"Nitolee kopi moja, mwanangu."

"Bado hatujaanza, mama. Samahani."

"Haya. Ila rangi mmeshapaka," akasema yule mama bila ubaya, akaondoka. Kabula akaufunga mlango, akaketi akiwa ameupa mgongo.

*

Ijumaa asubuhi aliifunga mashine kwenye kanga, akaipakata juu ya pikipiki hadi kwa fundi Shilinde, mwenye kibanda karibu na soko. Shilinde alijua kazi yake, na alijua pia kuwachekesha watu waliokuwa wakisubiri simu zao. Vitu hivi viwili vikikutana katika mtu mmoja, mteja hupata tabu.

"Nani kaiunga?"

"Mimi."

"Dada, hii umeiunga au umeisuka? Mbona nyaya zimelala mistari hivi? Mabutu matupu!"

Watu wakacheka. Nyaya zilikuwa zimelazwa vizuri, na Kabula alijua. Shilinde akapima pawa saplai, akaridhika. Akagusa sindano mbili kwa bisibisi yake, kama Kabula alivyofanya, mashine haikustuka. Akainama karibu, akavuta hewa puani.

"Jamani, njooni mnuse! Kompyuta hii inanukia asali. Unatoka wapi, dada?"

"Kwetu Ipole, Sikonge."

"Nilijua! Watu wa Sikonge hamwezekani. Hata kompyuta mnaitundika mtini?"

Kibanda kizima kikacheka, na mwanamume mmoja akajifanya anafukuza nyuki kichwani. Katika maneno yote aliyoyasema Shilinde siku ile, lile la mzaha ndilo lilibeba ukweli. Lakini mtu aliyechomwa na mzaha hana nafasi ya kuupima.

"Madabodi imekufa," akasema Shilinde, sasa kwa sauti ya kazi. "Ama imekufia njiani, ama umeiua kwa kuishika vibaya. Utahitaji nyingine. Kama huna uwezo, niachie kesi, hili kasha lake, na feni, nitakupa chochote."

"Sikuja kuuza, kaka."

"Basi rudi nayo. Ila usiiweke sana, itaingia nyuki."

Kabula akaifunga tena kwenye kanga. Akiwa juu ya pikipiki alimwandikia mjomba wake ujumbe wa kumuuliza kama ile nafasi dukani ingali ipo.

*

Alimkuta mama yake uani akikuna nazi, na baba yake kwenye kigoda akishona chujio la asali. Akaiweka kanga na kilichomo juu ya mkeka, akapiga goti kidogo kuwasalimu, kisha akakaa chini hapo hapo.

"Kasemaje?" akauliza Elieza.

"Kasema imekufa."

"Kaonaje kama imekufa? Kaipima pumzi?"

"Kagusa sindano zile mbili, Baba, ambazo hata mimi niligusa. Haikustuka." Akaikunjua kanga. "Halafu akawaita watu wanicheke. Eti kompyuta yangu inanukia asali. Eti sisi tunaitundika mtini."

Bertila aliacha kukuna. "Mwana wa nani huyo? Nipe jina la mama yake."

Lakini Elieza alikuwa amenyanyua uso, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Mlikuwa na mshangao wa mtu wa kazi. "Asali? Huyo ni fundi gani asiyetofautisha asali na nta? Ile ni harufu ya nta."

"Nta gani, Baba?"

"Ile niliyoipaka."

Kabula aliigeukia mashine iliyokuwa juu ya mkeka.

"Uliipaka wapi?" akauliza Kabula polepole.

"Penye kung'aa. Yale meno ya dhahabu, na vile visindano vilivyosimama ukingoni kama miiba. Chuma kimetoka Dar es Salaam, mwanangu, kimelala njiani. Ule ubongo sikuugusa. Uliniambia nisiuguse."

Bertila alijiziba mdomo kwa kiganja chenye nazi. Na haikujulikana kama alizuia kilio au kicheko. Kabula alisimama.

"Baba! Nta haipitishi umeme! Nimezunguka na maiti mji mzima, natukanwa, kumbe wewe ndiye umeizika!"

Neno likishatoka halina mkia wa kulivutia. Elieza aliliweka chujio chini kwa uangalifu, sindano ikiwa imechomekwa pale alipoishia. "Sikujua," alisema. Akaondoka, akaenda kukaa nyuma ya madumu, mahali ambapo mtu hukaa akitaka asionekane katika nyumba isiyo na pa kujificha.

Bertila alipanguza mkono. "Umekwisha kusema?"

"Mama, lakini..."

"Nimekuuliza, umekwisha? Sasa nisikilize mimi. Mzee yule alihamisha riziki yake akaiweka juani ili wewe uwe na mlango. Na katika maisha yangu sijamwona akikipaka nta kitu asichokipenda. Mimi mwenyewe," akaongeza, "nashangaa alinisahau."

Kabula alitaka asicheke, ikamshinda, akacheka na kulia kwa pamoja. Na alipokuwa akilia, fundi aliyelala ndani yake akaamka. Kama sindano zilikuwa na nta, basi Shilinde naye hakugusa sindano. Kama hakugusa sindano, hakuna aliyejua bado kama mashine ni hai au mfu.

Alikwenda nyuma ya madumu, akapiga magoti yote mawili kama afanyavyo alfajiri akiwaamkia wazazi.

"Baba, nimekukosea. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekukosea. Nimekutia aibu kwa watu."

"Baba, nta inatolewaje?"

Elieza alimtazama, akaona kwamba swali halikuwa la kumfariji. Alikuwa anaulizwa kweli. Akasogea kidogo kumpa nafasi.

"Kwa maji haitoki."

"Maji hapana kabisa."

"Petroli huitoa mara moja."

"Italainisha plastiki."

"Basi ni joto. Joto dogo, lisilo na moshi wala moto, na kitambaa cha pamba cha kuinywa inapolainika. Joto kama la pumzi ya ng'ombe. Lakini utalipata wapi joto la namna hiyo?"

Walipokuwa wakifikiri, kutoka upande wa pili wa ua ikasikika drayer ya kukaushia nywele ya jirani yao Doto, msusi, ikivuma juu ya kichwa cha mtu.

*

"Shoga, huyu uliyeniletea ni wa kuseti au wa kukata?" Doto aliuliza Kabula alipoingia na mashine kifuani. Kisha akamwona aliye nyuma yake, akashusha sauti. "Ee! Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akasema Elieza mlangoni, kofia mkononi. Hakuwa amewahi kuingia saluni ya wanawake, na hakujua macho ayaweke wapi. Mama mwenye rola kichwani alimsogezea stuli.

Kabula alieleza shida yake kwa ufupi. Doto alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaondoa vitana na chupa za mafuta kwenye kaunta, akaipangusa vizuri, akachomeka drayer. "Moto wa kwanza ni baridi, wa pili vuguvugu, wa tatu unachoma masikio. Mnataka upi?"

"Wa pili," akasema Elieza. "Nipe nishike mimi."

Aliishika kama alivyokuwa akishika kifukizo mbele ya mzinga, mbali kidogo, mkono ukienda na kurudi pasipo haraka. Kabula alizungushia pamba kwenye njiti, akawa anafuta kila sindano moja baada ya moja.

"Sogeza kidogo, Baba."

"Ngoja. Nta ikiharakishwa hukimbilia ndani. Iache itoke yenyewe... Haya, sasa."

Pamba ikaanza kugeuka njano. Kabula akatupa njiti ile, akachukua nyingine. Wakawa wanafanya kazi hivyo, na wanawake wakatazama kama watazamavyo mtoto akitolewa mwiba.

"Hodi humu! Nimeambiwa Elieza yuko saluni, nikasema basi, kiyama kimekaribia."

Alikuwa Mzee Ngollo, mfupi, mpana, na koti lililofungwa vifungo vyote. Watu wa vijijini hawafuati siku, hufuata lori. Lori lilikuwa limepatikana Ijumaa na lingerudi Ipole kabla ya magharibi, naye Bertila alikuwa amejaribu kumzuia kwa chai, akashindwa. Alisimama akaitazama mashine iliyofunguliwa tumbo, drayer mkononi mwa sahibu yake, na njiti za njano sakafuni.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, Mzee. Shikamoo," akasema Kabula.

"Marahaba. Ina nini? Ilinyeshewa?"

Kabula alijibu upesi, kabla baba yake hajafungua mdomo. "Niliiunga vibaya, Mzee. Kosa ni langu, narekebisha."

"Si kosa lake," akasema Elieza.

"Baba!"

"Mtoto anasema uongo ili anisitiri." Elieza aliizima drayer, na saluni ikawa kimya ghafla. "Aliiunga vizuri. Mimi ndiye niliyeiharibu. Niliipaka nta, Ngollo. Vyuma vyake vyote. Umeme ukakosa pa kupita."

Kabula alifumba macho. Kwa fikira zake, kazi ya chama ilikuwa imetoka mlangoni. Ngollo hakucheka, alikunja uso kama asiyeelewa lawama iko wapi.

"Kwani vilikuwa vimetoka safari?"

"Vilitoka Dar es Salaam."

"Kwa basi?"

"Kwa basi."

"Basi ulitaka ufanye nini? Hata mimi ningevipaka." Akamgeukia Kabula. "Na wewe binti, ulimwambia mzee wako kwamba chuma cha aina hii hakipakwi?"

"Sikumwambia. Nilimwambia tu asiuguse ubongo."

"Na ubongo kaugusa?"

"Hakuugusa."

"Basi alikusikia. Siku nyingine mwambie yote." Akavuta stuli. "Lakini mimi sikuja kuhukumu nta. Nimekuja kuona mashine ikifanya kazi, na lori halinisubiri. Endeleeni."

*

Waliirudisha chumba cha mbele, kilipokuwa kioo chake cha kuonyeshea maandishi, Doto akifuata na drayer, na mama wa rola akifuata Doto. Bertila alisimama mlangoni, akiwa amefunga kanga kifuani kama aingiaye matangani. Kabula aliunga waya wa swichi kwenye sindano safi, akachomeka umeme, akabonyeza.

Feni ikazunguka. Doto akapiga kigelegele. Kisha mashine ikalia, pi, pi, pi, ikanyamaza, ikalia tena. Na kioo kikabaki cheusi.

"Inalia," akasema Ngollo.

"Inayolia iko hai, Mzee," akasema Kabula, na kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu. "Inalalamika kwamba haioni kumbukumbu yake."

Akaizima, akachomoa ramu, akayasugua meno ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli hadi yakang'aa kama yalivyotoka dukani. Alipotaka kuirudisha, baba yake, aliyekuwa amekaa mbali kwa makusudi, alikohoa.

"Samahani kuingilia. Yale meno yaliuma wapi?"

"Hapa, kwenye huu mfereji."

"Na mfereji umeusafisha? Jino likiwa na nta, na ufizi umepata."

Kabula alitazama mferejini kwa tochi ya simu. Ukingoni mlikuwa na mstari mwembamba wa njano. "Umepata," alisema. "Njoo, Baba. Ulete ile pumzi ya ng'ombe."

Walifanya tena, baba na joto, binti na pamba, hadi pamba ikatoka nyeupe. Ramu ikarudi mahali pake kwa mlio mdogo wa kuumana. Kabula akabonyeza. Feni zikavuma, mashine ikalia mara moja tu, kwa ufupi, kama mtu anayeitika jina lake. Na kioo kikajaa mwanga na maandishi meupe.

Bertila alisema, "Asante Yesu," akaketi juu ya boksi tupu, likabonyea.

"Sasa imeamka," akasema Kabula, naye hakutaka kumdanganya mgeni, "lakini haijafundishwa kusema, Mzee. Sharti niipakie programu kwanza. Itachukua muda. Lebo haiwezi kutoka kabla ya magharibi."

Ngollo alitoa kichwa nje, akatazama jua. Kwa mbali, upande wa barabara kubwa, honi ya lori ilipigwa mara mbili, ikatulia, ikapigwa tena. Kila mtu chumbani alimtazama. Mwenyekiti alifungua kifungo cha juu cha koti lake, kisha cha pili.

"Liende," alisema. "Nitalala kwa Elieza. Nimeona mashine ikifa, nimeiona ikifufuliwa, halafu niondoke kabla haijaandika jina la asali yangu? Wakiniuliza huko Ipole, nitawaambia nini? Mama Kabula, kuna ugali?"

"Upo, na kisamvu kipo."

"Basi hapa ni nyumbani. Binti, wenzangu watafika wiki ijayo na picha zao za vitambulisho, na vyeti vya wanachama. Uwe umejiandaa."

Wakakaa. Mashine ilikuwa ikijipakia, na kioo kikionyesha kimduara kinachozunguka, nao wazee wawili wakakitazama bila kuchoka, kama watu waotao moto. Walianza kubishana juu ya maneno ya lebo.

"Iandikwe Asali Mbichi," akasema Ngollo. "Wazungu wanapenda hivyo."

"Asali haina mbichi wala mbivu. Andika Asali ya Miombo."

"Na Ipole isionekane? Watadhani imetoka Urambo!"

"Urambo wana tumbaku tu, nani atadhani?"

"Wazee," akasema Kabula, "nitaandika yote. Nafasi ipo."

Simu ya Bertila ikaita. Alilitazama jina, akamtazama binti yake, kisha akaipokea akiwa amesimama katikati ya chumba ili asikiwe na wote.

"Haloo, kaka. Hatujambo... Ujumbe? Aliutuma asubuhi?... Hapana, haji." Akasikiliza kidogo. "Ana kazi huku. Watu wamejaa ofisini mwake, hata pa kukaa sina. Tafuta mwingine wa kupima mchele, kaka, na usalimie watoto."

Ewe Mola uliye karibu na kila nyumba, wahifadhi waliomo katika nyumba ile ya Isevya: mzee na mikono yake, mama na ulimi wake, binti na mlango wake uliofunguliwa. Wape wageni wasiokimbilia lori. Na wale wanaotukosea kwa kutupenda, utujalie tuwaulize kabla ya kuwakemea. Nasi tunaokosea kwa upendo, utujalie wa kutusamehe. Amina.